Makumbusho ya Locomotion, Shildon: mahali pa kumpima upya Timothy Hackworth

Timothy Hackworth hutajwa mara nyingi kwa sentensi moja tu: kwamba ni yule fundi aliyeshindwa na Rocket, injini ya George Stephenson na mwanawe Robert, katika mashindano ya injini za mvuke ya Rainhill, Oktoba 1829. Makumbusho ya Locomotion, yaliyoko katika mji mdogo wa Shildon, kaunti ya Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, yanampa mgeni nafasi ya kuikagua hukumu hiyo kwa macho yake mwenyewe, na sijui mahali pengine panapofaa zaidi kwa kazi hiyo. Kiingilio ni bure. Tahakiki hii inamlenga msomaji anayeishi Uingereza, au anayepita huko, ambaye anapenda habari za reli na anajiuliza kama Shildon inastahili nauli na siku nzima ya mapumziko. Inastahili, ila mgeni anapaswa kujua mapema atazame nini na aanzie wapi, la sivyo atatoka na picha nyingi za treni na habari chache za mtu aliyeufanya mji huo ujulikane.

Locomotion ni tawi la Makumbusho ya Taifa ya Reli yaliyoko York, na huendeshwa kwa ushirikiano na Halmashauri ya Kaunti ya Durham. Lilifunguliwa mwaka 2004, miaka 20 baada ya karakana kubwa ya mabehewa ya Shildon kufungwa, na mwaka 2024 likaongezewa ukumbi mpya. Majengo yake hayako kwenye uwanja mmoja. Yametandazwa kando ya reli kwa umbali wa takriban kilomita moja, kumbi kubwa zikiwa upande mmoja, na majengo ya zama za Hackworth, ikiwamo nyumba aliyoishi na karakana ya Soho, yakiwa upande wa pili, karibu na stesheni. Kishawishi cha mgeni ni kukimbilia kumbi kubwa, ambako kuna vitu vya kupendeza sana, hata treni ya majaribio ya miaka ya 1970 iliyobuniwa kuinama kwenye kona ili isipunguze mwendo. Ushauri wangu ni kukataa kishawishi hicho kwa muda. Anza upande wa nyumba ya Hackworth, kisha utembee taratibu kuelekea kumbi, ukipita kwenye jengo la mawe la miaka ya 1840 ambako makaa ya mawe yaliteremshwa kutoka juu na kujazwa kwenye vigari vya injini. Kwa njia hiyo utafika kwenye mashine ukiwa umeshaona zilikotoka.

Hackworth alizaliwa tarehe 22 Desemba 1786 huko Wylam, kijiji cha machimbo kando ya mto Tyne. George Stephenson alikuwa amezaliwa kijijini hapohapo miaka 5 kabla yake, jambo linaloufanya ushindani wao wa baadaye ufanane na ugomvi wa majirani. Baba yake Timothy alikuwa msimamizi wa wahunzi katika mgodi wa makaa wa Wylam; alipofariki, kijana aliendelea na uanagenzi wake na hatimaye akashika nafasi hiyohiyo ya baba. Mwenye mgodi, Christopher Blackett, alitaka kuachana na farasi, kwa kuwa bei ya lishe yao ilikuwa imepanda kutokana na vita vya Napoleon, na kati ya 1813 na 1814 msimamizi wake William Hedley aliongoza uundaji wa injini ambazo Hackworth, akiwa mhunzi mkuu, alishiriki kuzitengeneza. Moja kati ya hizo, Puffing Billy, imo hadi leo katika Makumbusho ya Sayansi ya London, na mwenzake Wylam Dilly yuko Edinburgh. Ni nani hasa kati ya Hedley na Hackworth anayestahili sifa gani ni swali ambalo wazao wa pande zote waligombana juu yake kwa miongo mingi, na mgeni wa kawaida hana haja ya kuliingilia.

Muhimu zaidi kwa kumwelewa mtu mwenyewe ni sababu inayotolewa ya kuondoka kwake Wylam mwaka 1816. Hackworth alikuwa Mmethodisti wa kweli, mhubiri asiye mchungaji aliyezunguka vijijini siku za Jumapili, na inasimuliwa kwamba alikataa kufanya kazi ya mgodi siku hiyo, akaona ni afadhali apoteze cheo. Mtoto wake wa kiume alimwita John Wesley, jina la mwanzilishi wa Umethodisti. Ninalitaja hili kwa kuwa bila hilo mgeni hataelewa kwa nini Shildon inamkumbuka kama mzee wa kanisa na mwalimu wa vijana sawasawa na inavyomkumbuka kama mwundaji wa injini.

Mwaka 1824, Robert Stephenson aliondoka kwenda Amerika ya Kusini na baba yake George akawa ameshughulishwa na upimaji wa njia ya reli ya Liverpool na Manchester, hivyo Hackworth akaombwa kusaidia katika kiwanda chao cha Newcastle. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya reli ya Stockton na Darlington kuwa msimamizi wa injini zake zote, makao yake yakiwa Shildon. Reli hiyo ilizinduliwa tarehe 27 Septemba 1825, na mtu akisoma habari za siku hiyo, shangwe, bendera na mamia ya watu waliodandia mabehewa ya makaa, anaweza kudhani kwamba kazi ilikuwa imekwisha. Kwa Hackworth ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Magurudumu ya chuma cha kusubu yalipasuka, mvuke ulikwisha injini zikiwa katikati ya njia, vipuri havikuwapo, na mafundi wenye ujuzi wa kuzikarabati hawakuwapo pia, ikabidi awafundishe mwenyewe. Tarehe 1 Julai 1828 boila ya Locomotion, injini ileile iliyoongoza msafara wa uzinduzi, ililipuka na kumuua dereva wake, John Cree. Farasi walikuwa bado wakivuta mabehewa kwenye njia ileile, na kila injini ilipokwama wapo waliosema heri farasi.

Hapo ndipo ilipoingia Royal George ya mwaka 1827, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya Hackworth, ingawa haikubaki hata moja ya kumwonyesha mgeni. Boila yake ilitoka kwenye injini nyingine iliyoshindwa kazi, iliyoundwa na Robert Wilson wa Newcastle. Hackworth alikuwa mtu asiyetupa chuma kizuri. Aliipa magurudumu 6 yaliyounganishwa yote kwa vyuma ili uzito mzima wa injini usaidie kushika reli, na aliweka ndani ya bomba la moshi kifaa kinachostahili maelezo, kwa kuwa bila kukielewa mtu atapita mbele ya Sans Pareil, injini ambayo Hackworth aliipeleka Rainhill, kana kwamba anapita mbele ya pipa.

Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hauachwi upotee hewani. Unaelekezwa kwenye bomba la moshi na kutolewa kupitia tundu lililobanwa, ukielekea juu, nao unapotoka kwa kasi huuvuta moshi uende nao. Moshi ukivutwa, hewa mpya huingia tanurini kutoka chini ya moto, na moto hukolea. Kwa hiyo kadiri injini inavyovuta mzigo mzito zaidi, ndivyo inavyopuliza moto wake yenyewe kwa nguvu zaidi. Richard Trevithick alikuwa ameupeleka mvuke kwenye bomba la moshi tangu mwaka 1804, kwa hiyo si haki kusema Hackworth ndiye aliyelianzisha wazo lenyewe. Alichofanya ni kulibana tundu, kulilenga katikati ya bomba, na kulitegemea kama sehemu ya lazima ya mashine. Mlio ule wa “chu-chu” ambao watoto wote huuiga ni sauti ya kifaa hicho. Yeyote aliyewahi kusimama chini ya zile injini kubwa za Garratt katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1950, amesimama mbele ya mashine iliyopuliza moto wake kwa kanuni hiyohiyo.

Watetezi wa Hackworth husema kwamba Royal George ndiyo iliyowazuia wakurugenzi wa kampuni wasirudi kwenye farasi moja kwa moja. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu ukubwa wa hatari hiyo. Hata hivyo, ni wazi kwamba baada ya injini hiyo watu wa Stockton na Darlington waliendelea kuagiza injini za namna yake.

Sasa tufike kwenye Sans Pareil, kitu ambacho mimi ningesafiri kwenda kukiona hata kama makumbusho yasingekuwa na kingine chochote. Reli ya Liverpool na Manchester ilitangaza zawadi ya pauni 500 kwa injini itakayotimiza masharti yake: ivute mara tatu ya uzito wake, isiende chini ya maili 10 kwa saa, iunguze moshi wake yenyewe, na ikiwa na magurudumu 4 isizidi tani 4 na nusu. Hackworth aliunda yake Shildon huku akiendelea na kazi ya kampuni mchana kutwa, na silinda zake aliagiza zisubuwe katika kiwanda cha Robert Stephenson, yaani kiwanda cha mshindani wake. Hakuwa na njia nyingine. Viwanda vilivyoweza kazi hiyo vilikuwa vya kuhesabika.

Ukisimama ubavuni mwa Sans Pareil, tazama kwanza mwisho wenye silinda. Ziko mbili, zimesimama wima juu ya magurudumu, na fito zake zinashuka moja kwa moja hadi gurudumuni, kila pistoni ikigonga chini kama mchi. Ni rahisi kuona kwa nini watazamaji wa Rainhill waliripoti kwamba injini hiyo ilikwenda kwa kuyumbayumba. Kisha uzunguke hadi mwisho wa pili, ambako utakuta jambo linalomshangaza mtu asiyezoea: mlango wa tanuri na bomba la moshi viko upande mmoja, bega kwa bega. Moto unaanzia hapo, unapita ndani ya bomba nene lililozungukwa na maji hadi mwisho wa boila, unageuka, na kurudi hadi pale ulipoanzia, ukiwa umeyapasha maji joto mara mbili. Maana yake ni kwamba mchochea moto alifanya kazi upande huu, dereva akawa upande ule, boila nzima ikiwa katikati yao, na kuelewana kwao kulitegemea kupiga kelele. Jongea uziangalie ribiti zilizoshika bamba za boila. Hizo ni kazi ya mikono ya wahunzi, na kwangu zilieleza hali ya karakana ya mwaka 1829 kuliko ubao wowote wa maelezo.

Jambo lililoongeza sana thamani ya ziara hii ni kwamba tangu mwaka 2023 Rocket yenyewe, ile halisi, imehamishiwa Shildon. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Hackworth hata kwao imebidi amkaribishe mpinzani. Lakini kwa mtazamaji hii ni bahati, kwa sababu sasa anaweza kuzilinganisha mashine mbili bila kupanda treni. Aliyezoea picha ya Rocket ya manjano yenye bomba jeupe asitarajie kuikuta hivyo: iliyosalia ni nyeusi, imepungukiwa na vitu vingi, na silinda zake zilishushwa karibu kulala muda mfupi baada ya mashindano, ishara kwamba hata akina Stephenson waliona mtindo wao wa kwanza unahitaji kurekebishwa. Ubora wa Rocket umefichika ndani: badala ya bomba moja nene linalokwenda na kurudi, boila yake ina mirija 25 myembamba ya shaba, wazo lililotoka kwa Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli. Mirija hiyo ilimpa Stephenson eneo kubwa zaidi la kupashia maji, na karibu injini zote kubwa za mvuke zilizofuata, zikiwamo zile za Afrika Mashariki, zilijengwa kwa kanuni hiyo.

Huko Rainhill, Sans Pareil ilipimwa ikaonekana imezidi uzito unaoruhusiwa kwa magurudumu 4. Waamuzi waliiruhusu kujaribiwa hata hivyo. Ilikimbia vizuri, kwa mwendo wa kuridhisha kabisa, lakini ilikula makaa kupita kiasi, kwa sababu pumzi ya mvuke ilikuwa kali mno na vipande ambavyo havijaungua vilirushwa nje kupitia bomba la moshi. Kisha ikaharibika kabla ya kumaliza safari zilizotakiwa. Baadaye silinda moja ilikutwa imepasuka, na mahali pa ufa ukuta wake ulikuwa na unene wa inchi 1/16 tu, kasoro ya kusubu isiyoonekana kwa nje. Wafuasi wa Hackworth hawakusahau silinda hiyo ilitoka kiwanda gani. Mimi siungi mkono tuhuma ya hujuma. Chuma cha kusubu cha wakati huo kilikuwa na dosari za namna hiyo kila mara, na Rocket ingeweza kupatwa na jambo hilohilo. Wala siamini kwamba silinda nzima ingempa Hackworth ushindi, maana uzito na ulaji wa makaa vingebaki palepale.

Kinachofaa kuulizwa ni mashine hiyo ilifanya nini baada ya siku ya mashindano. Reli ya Liverpool na Manchester iliinunua, kisha ikaikodisha kwa reli ya Bolton na Leigh, ambako ilivuta mizigo hadi mwaka 1844. Baadaye iliwekwa katika mgodi wa makaa wa Coppull kuendesha mitambo, ikafanya kazi hadi 1863, ndipo ikakarabatiwa na kukabidhiwa kwa makumbusho. Zaidi ya miaka 30 ya kazi si rekodi ya mashine mbovu. Rocket, kwa upande wake, ilikuwa imepitwa na wakati ndani ya mwaka mmoja, mara Robert Stephenson alipotoa injini mpya ya Planet mwaka 1830. Ukizisimamisha mbili hizi pamoja unaona mafundi wawili wenye maswali tofauti: mmoja aliuliza injini iweje kesho, mwingine akauliza itengenezwe vipi Jumatatu asubuhi na fundi mwenye nyundo na patasi.

Makumbusho yana pia nakala ya Sans Pareil, iliyotengenezwa na wanagenzi wa karakana ya Shildon kwa ajili ya maadhimisho ya mwaka 1980 ya miaka 150 ya reli ya Liverpool na Manchester. Nakala hii ni ya lazima kwa mgeni aliyekuja na watoto. Injini halisi, kwa heshima zote, ni chuma kilichochakaa na kutulia. Mtoto hawezi kukisia ilivyokuwa. Nakala inaonyesha vyuma vyote vikiwa mahali pake, na kwa kuzitazama mbili hizo kwa zamu mtu anajifunza ni sehemu zipi zilizopotea.

Sifa yangu kwa Hackworth ina kikomo. Mwaka 1833 alipewa mkataba wa kuendesha injini za kampuni kama mkandarasi, huku akijenga biashara yake mwenyewe ya Soho, na kutoka hapo injini zake zilikwenda mbali. Mwaka 1836 alituma moja Urusi kwa ajili ya reli ya Tsarskoye Selo, karibu na Saint Petersburg, ikisindikizwa na mwanawe John Wesley aliyekuwa na umri wa miaka 16. Familia ilisimulia jinsi kijana huyo alivyofikishwa mbele ya Mfalme Nikolai wa Kwanza. Samson ya mwaka 1838 ilivuka Atlantiki kwenda migodi ya Nova Scotia, Kanada, na bado imehifadhiwa huko katika mji wa Stellarton. Ni habari za kujivunia. Lakini ukiichunguza Samson utaliona bomba lilelile nene linalokwenda na kurudi, takriban miaka 10 baada ya Rocket kuonyesha njia ya mirija myembamba. Kwa treni za makaa zinazokwenda polepole mtindo huo ulitosha, na ulikuwa rahisi kukarabati. Kwa reli za abiria zilizokuwa zikienea nchi nzima haukutosha. Mwaka 1849 alitoa Sans Pareil ya pili, mashine ya kisasa kabisa, na kumwalika Robert Stephenson ashindane naye tena. Mashindano hayakufanyika. Hackworth alifariki tarehe 7 Julai 1850 na kuzikwa Shildon.

Je, makumbusho yanatosha kuyaeleza yote haya? Kwa mashine, ndiyo. Kwa mtu mwenyewe, mgeni atalazimika kuchangia subira yake, kwa kuwa ustadi wa Hackworth ulikuwa zaidi katika ukarabati, mafunzo na kupanga kazi, na mambo hayo hayawekeki juu ya jukwaa. Ndiyo maana ninasisitiza kuanza na upande wa nyumba na karakana: pale unauona ufupi wa njia kati ya mlango wake na mahali injini zilipolala, na unaelewa kwamba msimamizi huyu hakuwa na saa za kufunga ofisi.

Kuhusu safari yenyewe, Shildon ina stesheni kwenye njia ya Bishop Auckland, na abiria kutoka London au Edinburgh hubadilisha treni Darlington. Treni za njia hiyo ndogo si nyingi, kwa hiyo angalia ratiba ya kurudi kabla ya kuanza kutembea, na angalia pia siku na saa za kufunguliwa, maana hubadilika kwa msimu. Vaa viatu vya kutembelea na uchukue koti, hata wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya njia kati ya majengo iko wazi. Nusu siku inatosha kwa mtu mzima peke yake, lakini mwenye watoto apange siku nzima.

Aliyebakiwa na muda ashuke North Road wakati wa kurudi Darlington. Jirani na kituo hicho kuna makumbusho ya Hopetown, ambako inaonyeshwa Derwent, injini iliyoundwa mwaka 1845 na karakana ya Kitching kwa kufuata mtindo wa Hackworth, ikiwa na mlango wa tanuri na bomba la moshi upande mmoja, dereva na mchochea moto wakiwa bado wametenganishwa na boila.